Sanduku la Sitini na Tano

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
Jumapili, 4 Juni 2023

Shemeji Gaudens,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto, nikijua huko Rombo mmeshatoa masweta. Mwambie Mama Bryson ndizi zake zilifika na ni mbili tu zilizopondeka. Nilizipika na nyama siku ya Pentekoste, nikasahau nikapakua sahani mbili. Kwa kuwa masikio yako hayapokei tena simu tangu tulipomzika mume wangu, kaka yako Tarsis, nimemwomba Vitalis, dereva wa basi la kwenu, awe posta yetu. Amekubali, ila anasema yeye si malaika Gabrieli, tusimharakishe.

Mimi ni mzima. Mguu unavimba jioni, lakini ni wa kuvumilika.

Shemeji, nina shida ya kazi. Unakijua kile chumba cha uani alichokuwa akifanyia kazi Tarsis. Mama Mauza, mwenye nyumba, amenijia kwa upole akaniambia nyumba inabomolewa, wanajenga ghorofa, niwe nimetoka mwisho wa Oktoba. Ndani kuna lundo la viatu vya mguu mmoja mmoja, sijui ni elfu ngapi. Wachuuzi wa mitumba wakifungua belo, pea huachana. Cha kushoto kinaangukia kwa huyu, cha kulia kwa yule, na kilichobaki peke yake huuzwa kwa gunia kama takataka. Tarsis alikuwa akiyanunua magunia hayo kwa wote na kuviunganisha viatu upya. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mshenga.

Na yapo yale masanduku ukutani, yamepigwa namba kwa chaki, sifuri hadi tisini na sita. Alikuwa akiokota kiatu, anakihesabuhesabu kwa midomo, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye sanduku moja tu. Miaka ishirini na minne nilimletea chai pale na sikuwahi kumuuliza anahesabu nini. Mimi sasa nachukua kiatu kimoja nakilinganisha na kimoja baada ya kingine hadi macho yanauma. Juzi nilitumia siku nzima nikapata pea tatu. Shaibu, muuza mikanda wa jirani, ananiambia kwa mwendo huo nitamaliza siku ya ufufuo, wenye viatu watakuja kuchukua wenyewe. Najua kanuni ile ulimpa wewe, mwalimu wa hisabati. Naomba uniandikie.

Jambo la pili unalijua. Siku ya arobaini nilikuuliza nitazikwa wapi, kwa sababu niliona kaburi la Tarsis upande wa kulia lina tangi lako la maji na kushoto ni mgomba wa mpakani. Ulisema tutazungumza. Sina mtoto wa kunisemea, kwa hiyo nasema mwenyewe: nataka kulala kando yake.

La tatu ni dogo, na utacheka. Kila Ijumaa adhuhuri, watu wakiingia swala na mtaa ukinyamaza, nasikia mtu anatembea chumbani. Hatua moja imebana, nyingine inapwaya, kama mtu aliyevaa viatu visivyolingana. Nikifungua hakuna mtu. Ila sanduku la sitini na tano linakuwa limevutwa nje kiasi cha kiganja. Nalirudisha. Halina kitu ndani.

Wako,
Celina


Rombo
Jumapili, 25 Juni 2023

Shemeji Celina,

Shikamoo. Barua yako ilifika siku tatu baada ya kuandikwa; kuchelewa kujibu ni kwangu, si kwa Vitalis. Sisi hatujambo. Bryson amepata kazi ya muda huko Arusha. Ng'ombe amezaa ndama jike. Nimebadilisha mlango wa mbele, ule wa mbao nimeutoa, sasa ni wa chuma. Masikio ni yaleyale.

Kanuni nakupa, na ni rahisi.

Kosa lako ni kuliuliza lundo. Ukiwa na viatu elfu moja na ukakilinganisha kila kimoja na vingine vyote, utafanya kazi karibu nusu milioni. Badala yake kiulize kiatu chenyewe: mwenzako yukoje? Mwenzake ana namba ileile, matundu ya kamba yaleyale na mishono ileile ya kisigino. Basi zidisha namba ya kiatu kwa matundu. Kisicho na kamba, hesabu tundu moja. Jumlisha mishono. Gawanya kwa tisini na saba, jibu litupe, baki uichukue. Baki hiyo ndiyo sanduku.

Mfano: namba 41, matundu kumi, mishono thelathini na tatu. Mia nne na kumi, ukijumlisha ni mia nne arobaini na tatu. Toa tisini na saba mara nne, inabaki hamsini na tano. Nenda sanduku la hamsini na tano. Mwenzake akiwamo, una pea. Asipokuwamo, kiache humo kimngoje, maana siku atakapofika, hesabu itamleta palepale. Kila kiatu unakigusa mara moja tu, hata lundo liwe kubwa kiasi gani.

Mara nyingine viatu viwili visivyohusiana vitaangukia sanduku moja. Usishtuke. Utalinganisha vile vichache vya humo tu. Nilichagua tisini na saba kwa kuwa ni namba tasa, haigawanyiki, hivyo inavitawanya viatu vizuri. Tarsis aliishia darasa la saba, nami ndiyo kwanza natoka chuo kwa jasho lake. Aliishika kanuni hiyo kwa dakika kumi.

Hayo mengine tuyaache kwa sasa. Mbao zikipata joto hulegea, na masanduku hujivuta.

Wako,
Mwl. Gaudens


Kariakoo
Jumapili, 16 Julai 2023

Shemeji Gaudens,

Marahaba. Hongera kwa ndama, na hongera kwa Bryson. Huku Mama Mauza alinialika kula wali kwake, akanifungia na wa kubeba. Ananionea haya kwa sababu ya nyumba. Nimemwambia asijali, kila nyumba ina siku yake.

Shemeji, kanuni imenifanya nilie. Siku ya kwanza nilikosea kuhesabu mishono, kwa sababu sikujua kama ile iliyopindishwa ndani inahesabiwa. Kisha nikakumbuka Tarsis alikuwa akipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kisigino, juu kwenda chini, mara moja. Nikafanya vile, na hesabu zikatulia. Sasa naokota kiatu, nakiuliza, naenda. Jumatano nilipata pea sitini na mbili. Shaibu alikaa mlangoni akasahau mikanda yake. Kila nikitoa kiatu sandukuni anasema, "Mshenga kafa, mke kaishika posa." Watu wakacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Machi.

Lakini nikuambie kitu cha ajabu. Nimeshapitisha viatu zaidi ya elfu mbili, na masanduku yote yamepata kitu, mengine yamejaa hadi hayafungi. La sitini na tano halijapata hata kimoja. Nimelichunguza vizuri. Ndani, kwenye kona, kuna kipande cha kadibodi kama vile alivyokuwa akiviweka kwa kiatu anachokisubiri sana, na kuna mwandiko wake wa penseli: "Kinakuja." Basi.

Na Ijumaa bado linavutwa. Nimeweka tofali mbele yake. Ijumaa iliyopita tofali lilikuwa limesogezwa pembeni, kwa adabu, sawa na jinsi alivyokuwa akisogeza viatu vyangu mlangoni ili apite. Shaibu anasema ni panya. Mimi panya wa namna hiyo sijapata kumwona.

Siogopi, shemeji. Naona tu kwamba kuna kitu anakitafuta, na mimi ni mke wake, ningependa kumsaidia.

Hukunijibu kuhusu mahali pangu. Na naongeza swali. Siku mbili kabla ya kufa aliniambia anakwenda Morogoro kuangalia belo. Alianguka kituo cha mabasi Mbezi akirudi. Nimewauliza wachuuzi wote aliofahamiana nao Morogoro. Hakuna aliyemwona. Je, wewe ulizungumza naye siku hizo?

Wako,
Celina


Rombo
Jumapili, 20 Agosti 2023

Shemeji Celina,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani. Nimefurahi kwamba kanuni inafanya kazi. Jihadhari na viatu vya watoto, matundu yake wakati mwingine huongezwa na fundi.

Mvua hazijawahi kuwa nyingi hivi kwa Agosti. Sanduku kubaki tupu si ajabu. Katika tisini na saba, mojawapo linaweza kukosa kwa bahati tu.

Kuhusu Morogoro sina la kusema. Kuhusu kihamba, hili shamba la ukoo tunamozikana, hayo ni mambo ya ukoo, hayaandikwi kwenye barua.

Wako,
Mwl. Gaudens

Dada Celina, ni mimi Jovitha, Mama Bryson, naandika hapa chini kabla hajaifunga bahasha. Masikio ya Baba Bryson yana nini, mimi sielewi. Hospitali walimpima wakasema ni mazima. Nikiangusha kijiko jikoni anashtuka. Alfajiri anaamka kabla ya jogoo anakaa kitini akiutazama ule mlango wa chuma, na ukimuuliza anasema hasikii kitu. Mimi ndiye nisiyesikia kitu. Tuombee.


Kariakoo
Jumapili, 10 Septemba 2023

Shemeji Gaudens,

Nawasalimu wote, na Mama Bryson kipekee. Ndama natumaini anakua. Mimi nimeshusha dawa ya presha hadi nusu kidonge, daktari ameridhika.

Leo nitaandika taratibu, na wewe soma taratibu.

Ule mfuko wa hospitali, wenye nguo alizokufa nazo, sikuwa nimeufungua. Miezi sita umekaa juu ya kabati. Ijumaa iliyopita nilisikia tena zile hatua, moja imebana, moja inapwaya. Nikasema moyoni, Celina, umeuliza viatu elfu nne vya watu usiowajua, na vya mume wako hujaviuliza.

Nikaufungua. Shati, suruali, kitambaa cha mkononi nilichokipiga pasi mwenyewe. Na vile viatu vya kahawia. Unavijua. Vilitoka belo moja, pea mbili za aina moja, akafurahi kama mtoto, pea moja akavaa yeye na nyingine akakuletea wewe Krismasi ile Bryson alipopata kipaimara. Vilifanana hivi kwamba Mama Bryson alisema mtakuja kuvaliana.

Nikakiuliza cha kulia. Namba 42, matundu kumi, mishono thelathini na tatu. Mia nne hamsini na tatu. Baki yake, shemeji, ni sitini na tano.

Nilikipakata mapajani.

Kisha nikakiuliza cha kushoto. Namba 43. Matundu kumi. Mishono thelathini na nne. Mia nne sitini na nne, baki sabini na sita. Nikarudia mara tatu, nikadhani macho. Si pea. Mtu aliyeunganisha viatu vya mji mzima maisha yake yote, amekufa na viatu visivyo pea, na kilichopwaya ni cha kushoto.

Kwa hiyo nimefanya ulivyonifundisha. Cha kulia nimekiweka sitini na tano kimngoje mwenzake. Cha kushoto nimekiweka sabini na sita. Na sihitaji kuuliza lundo ili kujua wenzao wako wapi. Namba 43 ni wewe.

Alikuja kwako, Gaudens. Zile siku mbili kabla ya kufa kwake alivulia viatu mlangoni kwako. Sikuulizi kwa hasira. Nauliza kwa sababu kila Ijumaa anatembea na kiatu chako mguuni, na amechoka.

Wako,
Celina


Rombo
Jumapili, 8 Oktoba 2023

Shemeji Celina,

Shikamoo. Salamu nyingine leo sina.

Masikio yangu hayana ugonjwa. Nilisema vile kwa sababu ungenipigia simu, na kwa sauti nisingeweza kukudanganya. Kwa karatasi niliweza.

Alikuja Jumatatu, tarehe sita Machi. Moyo ulikuwa umeshamwambia, daktari naye akamwambia, kwamba hana siku nyingi, na hakutaka wewe ujue. Hakuja kuomba kitu chake. Alitaka niape kwamba upande wake wa kulia utabaki wazi kwa ajili yako. Mimi ndiye kitinda mimba, nyumba ya baba niko nayo mimi, na neno la kihamba ni langu. Nikamjibu maneno ambayo tangu siku hiyo ladha yake haijatoka mdomoni mwangu. Nilimwambia, "Mwanamke asiyeacha mtoto hapa, atazikwa kwao." Hilo tangi la maji lilikuwa halipo. Nililiweka wiki ile ya msiba, ili pasiwe na nafasi ya kuzungumzia. Sasa unajua na hilo.

Hakubishana. Alilala kwenye kochi siku mbili akinisubiri nibadilike. Jumatano alfajiri, mvua inanyesha, umeme umekatika, alitoka kuwahi basi. Nilimsikia akipapasa viatu gizani. Mlango ukafungwa. Haikupita dakika tano akarudi. Akagonga mara tatu, taratibu, hakutaka kuwaamsha wengine. Akasema, "Gaudens, nifungulie, nimevaa kiatu chako."

Nilikuwa macho. Nilikuwa nimekaa kitandani, miguu iko chini. Nilisikia vizuri kabisa. Nikasema moyoni, na aende nacho, atajua maana yake.

Akagonga tena mara tatu. Kisha nikasikia anashuka kwenye njia ya mawe, hatua moja imebana, nyingine inapwaya. Ulipoandika hivyo mwezi wa sita, niliiweka barua yako chini ya godoro.

Anagonga bado. Si kila siku, ni Jumamosi alfajiri. Mara tatu, na mara tatu tena. Nilidhani mbao ndizo zinazolia, nikaweka chuma. Kwenye chuma ni mbaya zaidi. Wala sijawahi kufungua.

Nimempa Vitalis kifurushi. Ndani yake kuna kiatu chake cha kushoto. Kimekaa chini ya kitanda changu tangu siku ile, nimekipaka rangi leo asubuhi. Humo kiatuni utakuta jani la isale nimelifunga fundo. Wewe ni mke wa Mchaga, unajua jani hilo la kuombea msamaha halitumwi kwa mchezo, na unajua anayeletewa hukatazwa kulikataa. Lakini mimi nakuruhusu ulikatae.

Tangi nimeling'oa jana. Mimi mwenyewe, kwa sururu, Jovitha akinishikia. Mahali pako pana futi saba kwa nne, na kila kona nimepanda isale. Wazee wa ukoo niliwaita wakaona. Mmoja aliuliza sababu, nikamwambia yote, mbele ya Bryson.

Gaudens


Kariakoo
Ijumaa, 20 Oktoba 2023

Shemeji Gaudens,

Marahaba. Nawasalimu wewe na Mama Bryson, na ndama, na hizo isale za kona nne. Msizimwagilie sana, hazipendi.

Kifurushi kilifika Jumanne. Nilililia jani lile hadi fundo likalowa. Nimelipokea. Liko ndani ya Biblia yangu. Sikulipokea kwa sababu mila inanilazimisha, uliniruhusu kulikataa na nimelipokea. Ila ulivyokaa kitandani miguu chini, shemeji, hicho sitakisahau upesi. Nakuambia ili baadaye kisije kikasimama kati yetu.

Chumba ni karibu kitupu. Pea za mwisho Shaibu amenisaidia kuzipanga barabarani, na kila mteja anamwambia hizi zimefungiwa ndoa na Mshenga mwenyewe. Yaliyobaki ni masanduku, Mama Mauza ameomba kumi ya kuwekea viungo.

Sasa sikiliza la leo.

Asubuhi nilikichukua kile cha kushoto ulichoniletea, na japokuwa nilijua jibu, nilikihesabu kama kiatu chochote. Nikapitisha ukucha kwenye kisigino. Thelathini na tatu. Baki sitini na tano. Nikalivuta sanduku, nikakiweka kando ya mwenzake. Chako, kile cha namba 43, kilikuwa sabini na sita, nilikiona kwa macho yangu. Nikafunga kwa kufuli, ufunguo nikautia kifuani, nikakaa nje kwenye kiti chake.

Adhuhuri mtaa ukanyamaza. Nilisikia sanduku likivutwa. Likakaa wazi kitambo, kama muda wa mtu kufunga kamba. Kisha nikasikia sanduku la pili. Halafu hatua, shemeji. Zote mbili sauti moja, kwa mara ya kwanza. Zilikuja hadi mlangoni, zikapita pale nilipokaa, nikasikia harufu ya rangi ya viatu na ya karanga za kukaanga alizokuwa akiweka mfukoni. Zikasimama kidogo mbele ya kiti. Nikasema, "Nenda salama, Tarsis. Pangu pameshapatikana." Zikaelekea barabarani.

Nilipofungua, sanduku la sitini na tano lilikuwa tupu. Kile kipande cha kadibodi kimegeuzwa upande wa chini. Nikakimbilia sabini na sita. Nalo ni tupu.

Vitalis anaondoka kesho asubuhi na barua hii, na huko kwenu itafika jioni. Safari hii Tarsis anakuja kwa miguu njia nzima, kwa hiyo itamtangulia. Sijui ni Jumamosi ipi atafika. Mama Bryson asiogope.

Akigonga, mfungulie. Anakuletea kiatu chako.

Celina